Mshono Usio Wake

Kifungo cha shati la mumewe kilidondoka siku waliyofika, na kesho yake asubuhi kilikuwa kimeshonwa. Mume akamshukuru mkewe, akaenda dirishani kutazama mvua. Lakini yeye hakuwa amekigusa.

Alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa, na mshono wake angeujua hata gizani. Huu ulikuwa wa mkono mwingine, mzuri kuliko wake, na hilo ndilo lililomchoma. Uzi ulikuwa na unyevu, ukinuka mwani.

Likizo hii ya ughaibuni waliisubiri tangu waoane. Wakapanga vyumba viwili ghorofani karibu na bahari, na mvua haikuwapa hata saa moja ya ufukweni. Walicheza karata, wakaanika soksi juu ya viti. Mume alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra. Sasa alikuwa wake mchana kutwa, na bado hakumwamini.

Alimshuku msafishaji wa vyumba, mwanamke ambaye hakuwahi hata kumwona. Akakifumua kifungo, akakishona upya kwa uzi wake. Asubuhi akaukuta uzi huo mezani, umeviringwa vizuri, na kifungo kimeshikwa na uleule wenye unyevu.

Alitoa gauni lake la kijani, akaanza kulibana kiunoni ili mume akumbuke ana mke wa namna gani. Wivu ulimpanda katikati ya kazi, akashuka kumtafuta huyo msafishaji, na sindano akaiacha imechomekwa kwenye gauni. Bibi aliyemfundisha ushonaji alimkataza hilo tangu siku ya kwanza: nguo iliyoachwa na sindano inamwita mtu aje aimalizie. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Jirani wa chini akamwambia msafishaji huja wageni wakishaondoka. Wiki hii hajaonekana kabisa.

Akapanda ngazi mbio, na kwenye kila ngazi palikuwa na alama ya unyayo mtupu, mrefu, uliolowa, na harufu ya mwani ikazidi kila alipopanda, hata alipofika mlangoni na kuchomeka ufunguo, ndani akasikia mumewe akicheka taratibu, kicheko ambacho hajawahi kuchekewa yeye.

Mume alikuwa peke yake kitini, shati limelowa kifuani.

"Mbona umelivua?" akamuuliza. "Lilikupendeza."

"Nimevua nini?"

"Gauni."

Gauni lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa bafu, likichuruzika maji. Lilikuwa limemaliziwa. Akalipima mwilini mwake kwa mazoea ya kazi: kiuno chembamba cha kuzungushiwa viganja viwili, mikono ya kufika sakafuni. Akaelewa ni mwili wa namna gani uliolivaa, na aibu yake ni kwamba kabla ya kuogopa, aliuonea wivu.

"Sikuwa mimi," akanong'ona. "Funga mizigo tuondoke sasa hivi."

Mume akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa, huku anakipapasa kile kifungo.

"Mke wangu, si umeniomba sasa hivi tubaki hapa daima?" akasema polepole. "Nami nimekuahidi."

Ndani ya bafu, mtu akafunga bomba.