Sanamu Inaangalia Wapi?

Hebu niambie: wewe ungekubali kusali chini ya mbingu iliyoshikiliwa na matete?

Kreszenz alibatizwa chini yake, katika kanisa la kijiji huko Bavaria. Nguzo za marumaru, kumbe plasta iliyotiwa rangi. Kuba limejaa malaika wanono wa dhahabu, kumbe ni matete na chokaa, yananing'inia kwenye boriti. Kreszenz alisomea majengo ya kale, akarudi na digrii, kazi hakuna. Aliiona boriti imeoza. Akaiandikia ofisi ya majengo ya kanisa barua tatu. Jibu: "Suala lako linashughulikiwa."

Sikukuu ya Kupaa, saa nane mchana, baba yake Korbinian, mtunza kanisa, alikwenda darini kama kila mwaka, aivute kwa kamba sanamu ya Yesu mpaka ipotelee kwenye tundu la kuba. Inakotazama mara ya mwisho, ndiko dhoruba za mwaka zitakakotokea. Mvutaji haoni uso. Huuliza.

"Baba, usipande."

"Digrii ibaki chini, mwanangu. Kamba ninayo mimi."

Kreszenz akanuna. Sanamu ikapaa, ikizunguka.

"Zenzi!" baba akamwita binti yake kutoka juu. "Inaangalia wapi?"

Hakumjibu.

"Magharibi, kwako, Alois!" jirani mmoja akacheka. "Shayiri yako kwisha!"

Wote walitazama uso wa sanamu. Ufa wa kuba hakuna aliyeuona.

Baba alishuka pamoja na malaika.

Baada ya mazishi mafundi walifika ndani ya wiki moja. Kumbe walikuwepo! Wakaziba tundu, wakang'oa gurudumu la kamba. Sanamu ikafungiwa kabatini, ufunguo akakaa nao Kreszenz.

Kupaa ikarudi. Saa nane. Juu, gurudumu likalia.

Krii. Krii.

"Jessas, Yesu wangu," Alois akanong'ona. "Umesikia?"

Vumbi jeupe likamwangukia Kreszenz mikononi. Kisha sauti, taratibu.

"Zenzi... inaangalia wapi?"

Kreszenz akainua uso.

"Magharibi, Baba. Nisamehe. Magharibi."



Akaenda kulifungua kabati. Sanamu aliiacha ikitazama mlango. Sasa ilitazama magharibi. Begani, alama ya mkono. Plasta mbichi. Vidole vinne.

Baba yake alipoteza cha shahada kwenye msumeno.

Plasta ile haijakauka mpaka leo. Basi ninyi wa ofisi, mliokalia barua tatu: njooni muiguse kwa mikono yenu, halafu mtuambie mbele ya binti yake, nani alikuwa analishughulikia suala lile?