Mkono wa Kushoto Uonekane

Mtaa mzima ulimwita Tabasamu. Hilo ndilo neno alilowaambia wateja wake kabla ya kubonyeza kamera. Alikuwa mpigapicha, na chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa studio. Humo mlikuwa na pazia la buluu, taa mbili, na kiti cha kifahari kilichopigwa misumari mguu wa nyuma. Kwenye picha, mguu huo hauonekani. Kasoro yoyote, Tabasamu alijua kuificha.

Chumba cha pili kilikuwa cha mkewe, fundi wa nguo. Kwa miaka mingi cherehani yake ndiyo iliyomwamsha mumewe asubuhi. Kisha mke akapata kiharusi. Alitoka hospitali akiongea vizuri na kutania watu kama kawaida. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzito. Vidole vilishika kitambaa kwa shida. Cherehani ikanyamaza.

Siku moja mdogo wake alikuja kumjulia hali.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema. "Mashine inashika kutu bure. Nipe mimi niitumie."

"Nivumilie hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alijibu dada yake. "Nikishindwa, njoo uichukue."

Tabasamu alisikia, na roho ikamuuma. Alimjua mkewe. Bila kushona, angenyong'onyea.

Kesho yake walikwenda hospitali kwa mtaalamu wa tiba ya kazi. Mtaalamu huyo huwasaidia watu waliougua au kuumia warudie shughuli zao: kuvaa, kupika, kulima, kushona. Walimweleza habari ya Jumamosi.

"Nyumbani kwenu ni mbali, siwezi kufika," alisema. "Lakini kaka, si wewe ni mpigapicha? Mpige mama picha akiwa kwenye cherehani. Nitumie kwa simu. Nikiona anavyokaa, nitajua pa kurekebisha."

"Hapo umefika kwa mwenyewe!" alisema Tabasamu.

Alipofika nyumbani, hakulaza damu. Aliing'arisha cherehani na kuihamishia studio, mbele ya pazia la buluu. Akamvalisha mkewe gauni la sikukuu. Akamkalisha kwenye kiti cha kifahari. Mkono wa kushoto akaufunika kwa kitambaa cha hariri.

"Tabasamu!"

Picha ilitoka nzuri ajabu. Akamtumia mtaalamu. Kwa furaha, akaiweka pia kwenye stetasi ya simu yake, watu wote waione.

Jioni mtaalamu alipiga simu. Tabasamu akaiweka kwenye spika, mkewe asikie.

"Mama amependeza kama bibi harusi," alisema. "Lakini mkono wa kushoto uko wapi?"

"Nimeufunika. Hauonekani kabisa!" alijibu Tabasamu kwa majivuno.

"Kaka, huo mkono ndio ninaoutibu."

Mke alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaacha kucheka.

"Tena kaniweka kwenye stetasi," alisema. "Tangu mchana napigiwa simu za pole. Wateja wangu wameona mkono umefunikwa, wanauliza kama nitapona. Huyu hakuniuliza hata kidogo."

"Nilidhani utafurahi," alisema Tabasamu.

"Ungeniuliza."

Tabasamu aliona haya. Aliifuta picha ile palepale na kumwomba mkewe radhi.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai," alisema mtaalamu kwa upole. "Picha ya tiba si ya kupendeza, ni ya ukweli. Rudisha cherehani mahali pake. Usipange kitu. Mpige akifanya kazi: kwa mbele, kwa pembeni, na mkono kwa karibu. Kabla ya kupiga, mwombe ruhusa. Kabla ya kutuma, mwonyeshe. Asiyoitaka, ifute. Na zitume kwangu tu. Mwili ni wake, na picha ni zake."

Asubuhi iliyofuata Tabasamu alisimama mlangoni na kamera yake.

"Mke wangu, naweza kukupiga picha?"

"Piga. Leo sitabasamu."

Alikaa kwenye kigoda chake cha siku zote. Akaanza kushona. Kitambaa kiliteleza upande wa kushoto, kikaanguka sakafuni. Alikiokota. Kikaanguka tena. Machozi yalimlenga Tabasamu. Alitaka kuweka kamera chini akamsaidie.

"Piga, bwana!" alifoka mkewe. "Aone ninavyohangaika!"

Akapiga picha saba. Mke alizitazama zote. Moja ilionyesha magoti yake, akaikataa. Ikafutwa. Sita zikatumwa.

Mtaalamu hakukawia. Alizirudisha picha zikiwa na maduara mekundu, na maelezo ya sauti.

"Duara la kwanza: kigoda ni kifupi, ndiyo maana bega linapanda. Tafuta kiti kirefu zaidi, lakini nyayo zote mbili ziguse chini. La pili: mkono unaning'inia. La tatu: kitambaa kinajivuta kwa uzito wake. Weka meza upande wa kushoto, ilingane na cherehani. Itabeba kitambaa na kiwiko pia. Mama ashone dakika kumi, apumzike. Bega likiuma, aache kushona, anipigie."

Tabasamu alichukua meza ya maua ya studio, akaikata miguu kwa msumeno. Mara ya kwanza ilizidi urefu. Mara ya pili ikayumba. Akaweka vibao chini ya miguu, ikatulia.

Kila baada ya siku tatu alituma picha mpya, kwa ruhusa. Mtaalamu alisogeza hiki, akabadilisha kile. Wiki ya pili aliziweka pamoja picha mbili za mkono uleule, akawatumia. Katika ya kwanza vidole vilikuwa vimejikunja. Katika ya pili vilikuwa vimekilalia kitambaa, vikikiongoza.

"Mama, unaona?" aliuliza kwa simu.

"Naona," alisema mke. Akautazama mkono wake. "Kumbe unanisikiliza, we mkono!"

Jumamosi ikafika. Mdogo mtu alikuja na mwenye mkokoteni wa kubebea cherehani. Wakiwa bado nje, wakasikia mlio. Wakaingia. Dada mtu alikuwa akimalizia mshono wa gauni. Haukuwa na haraka ya zamani, lakini ulinyooka kama rula.

"Dada!" Mdogo wake alimkumbatia, akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Niachie, utanikatia uzi!" alisema dada yake huku akicheka. "Na hiyo blauzi yako imekubana kwapani. Simama wima nikupime."

Kisha akamgeukia mwenye mkokoteni, akamtazama kuanzia kiunoni hadi miguuni.

"Na wewe, baba, hiyo suruali ulishonewa na adui yako?"

Siku hiyo mkokoteni ulirudi mtupu. Mwenyewe alirudi Jumatano, kuchukua suruali yake mpya.