Nyumba ya Fundi Saa

Yalianza Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, jua likiwa kali na nguo zimeshakauka kambani. Ana uhakika na saa hiyo kwa sababu aliitazama kwenye kona ya kompyuta kabla ya kuibomoa ile nyumba. Saa ya ukutani isingemsaidia. Ile ilikuwa imesimama tangu baba yake angali hai, na mama yake hakutaka ishushwe.

Wenzake walimwita Rula. Kazini alichora ramani za mitaro na viwanja katika ofisi ya mhandisi, na mstari ukipinda hata unene wa unywele, alifuta akaanza upya. Jina hilo lakini hakupewa kazini. Alipewa na wenzake wa mchezoni, watu ambao wengi wao hakuwahi kuwatia machoni. Kwa pamoja walikuwa wakijenga mji kwenye kompyuta, mji wa kubuni walioupa jina la Tulivu, wakipokezana kwa zamu. Ukifika kwako unajenga utakacho, kisha unamtumia anayefuata. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake mle, na kimtu kimoja kilichobeba jina lake. Ukikibofya unaona kinakaa wapi na kinakwenda wapi. Sheria yao ilikuwa moja tu: jenga, usibomoe.

Rula alikuwa mgeni kundini. Sheria hiyo aliichukulia kuwa ni adabu tu, kama kubisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

Nyumba yake ya Tulivu aliijenga ifanane na ya kwao: vyumba viwili, baraza, ua mpana mtupu, bomba la maji karibu na geti. Kwa hesabu za mchezo, nyumba ndogo kama ile ilikuwa ya watu wawili. Ikawatosha kabisa. Akajiweka yeye na mama yake.

"Mji mzima unao," mama yake alimwambia siku hiyo kutoka barazani, mguu hautulii kwenye cherehani, "lakini sufuria moja imekushinda kuosha."

"Nakuja, mama. Nanyoosha barabara tu."

"Nyoosha na mgongo basi. Umekaa kama ndoana."

Barabara yenyewe ilikuwa imemkosesha raha tangu asubuhi. Katikati ya Tulivu kila kitu kilipinda. Barabara kuu ilikuja vizuri, ikifika pale ikajikunja kama mtu anayekwepa dimbwi, ikakizunguka kijumba kimoja chenye paa la buluu, ndipo ikaendelea na safari yake. Reli nayo vivyo hivyo. Hata mtaro wa maji machafu. Na hicho kijumba kilichotukuzwa namna hiyo kilikuwa kimekaa mshazari, mlango umeipa barabara kisogo, na benchi moja nje. Rula alikibofya. Mkazi: Fundi Saa. Yupo nyumbani.

Akajaribu kukiacha. Akaosha sufuria, akarudi, akakikuta palepale, kinamkera kama jiwe kwenye wali.

Akakibomoa.

Kivumbi kidogo kilitimka kwenye skrini. Akaipitisha barabara hapo, ikanyooka kama uzi, kutoka katikati ya mji mpaka kwenye geti la nyumba yake mwenyewe. Alishusha pumzi kama mtu aliyechomolewa mwiba. Kimtu kimoja tu kilibaki kimesimama katikati ya lami mpya. Akakibofya.

Fundi Saa. Hana makazi. Anatafuta.

"Utapata," Rula alikiambia, akautuma mji kwa anayefuata.

Jumapili asubuhi, akiwa bado kitandani, alisikia kitu kikigonga taratibu sebuleni. Tik. Tik. Tik. Alitoka, akamkuta mama yake amesimama chini ya saa ya ukutani, mikono kiunoni, uso umemchanua.

"Umeitia betri, mama?"

"Betri! Hii ni ya kutia ufunguo, mwanangu. Na ufunguo wenyewe ulibaki kwenye koti la baba yako." Mama aliitazama saa tena. "Lile tulilomzika nalo."

Siku mbili zilizofuata hazikuwa na jambo la kumsimulia mtu. Sebule ilinukia mafuta ya mashine, lakini nyumba ya fundi cherehani itanukia nini? Kiti cha pembeni kilikuwa kimevutwa karibu na dirisha, lakini kiti huvutwa. Jumanne jioni mama alimimina chai, akaweka vikombe vitatu mezani.

"Cha nani hicho?"

Mama aliviangalia vikombe, akacheka. "Uzee huo unaingia."

Lakini hakukirudisha. Na walipoondoka mezani, kilikuwa kitupu.

Jumatano mchana Rula alikuwa ofisini, kalamu mkononi, simu ilipotetemeka. Alikuwa ni Dereva, mwenzao anayeendesha lori, ambaye hujenga akiwa ameegesha akisubiri kupakuliwa mzigo. Zamu ya mji ilikuwa kwake.

*Rula, hongera kwa mgeni! Hata kutuambia?* Akaweka na kicheko.

Chini yake kulikuwa na picha ya skrini. Ilikuwa nyumba ya Rula, na chini ya nyumba yalikuwa majina ya wakazi wake. Fundi Saa. Rula. Wawili tu. Nje ya geti, kwenye ile barabara iliyonyooka, kilisimama kimtu kilichovaa kitenge. Dereva alikuwa amekibofya.

Mama. Hana makazi. Anahama.

Rula alipiga simu ya mama yake. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alimwambia mhandisi anaumwa tumbo, na uso wake ulivyokuwa, mhandisi hakuuliza la pili.

Njia nzima alijiambia ni mchezo. Ni mchezo tu. Alipofika kwao alikuta geti wazi.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye jiwe nje ya geti, mchana kweupe, majirani wakipita wakimsalimu. Cherehani ilikuwa barazani, imefunikwa shuka kama maiti. Miguuni pake kulikuwa na mafurushi, yamefungwa vizuri, kwa mafundo ya mtu asiye na haraka.

"Mama. Unakwenda wapi?"

"Sijui bado, mwanangu."

"Nani kakufukuza?"

"Nifukuzwe na nani? Nyumba ni ya watu wawili." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba giza likiingia watu hulala. "Mzee wa watu hana pa kukaa. Nawe ndiye uliyemleta."

"Mzee gani?"

Mama alinyoosha kidevu kuelekea dirisha la sebule. Pazia lilikuwa limefungwa. Likafunguka kidogo, upana wa jicho.

Rula alimshika mama yake mkono. Ulikuwa mwepesi. Wenyewe haukumshika.

"Nisubiri hapa. Nakuomba. Usiondoke mpaka nirudi."

"Nitasubiri kidogo," mama alisema, macho yakiwa tayari barabarani.

Rula alijibanza pembeni ya ukuta, akampigia Mama Mji. Ndiye aliyeuanzisha Tulivu. Ni muuza dawa, na nyuma ya sauti yake zilisikika sarafu na kikohozi cha wateja. Rula alimweleza kwa maneno machache.

"Hukujiuliza?" Mama Mji alinong'ona. "Barabara zote zinapinda pale. Reli inapinda. Ulidhani sote hatujui kupiga mstari?"

"Nilidhani... Nisamehe, dada. Ni nani huyo?"

"Mwenzetu. Alikuwa fundi wa saa. Alifia kwenye zamu yake, ameketi, mji uko wazi mbele yake. Tulipoupata tena, yule mtu wake alikuwa bado anatembea mle. Anatoka, anakaa kwenye benchi, anaingia. Sisi hatukumgusa." Akashusha sauti zaidi. "Isipokuwa mmoja. Aliteleza mkono, akaibomoa nyumba yake. Akaijenga upya baada ya siku nne."

"Ikawa salama?"

"Kwake, ndiyo. Alikuwa anaishi na baba yake." Mteja aliuliza bei ya kitu, Mama Mji akamjibu, akarudi. "Mzee alitoka na begi. Wanamtafuta mpaka leo. Mjengee, Rula. Sasa hivi. Nakutumia picha ilivyokuwa, na usibadilishe hata msumari."

Rula alimwandikia Dereva amrudishie mji, naye akautuma bila kuuliza. Alituma na neno moja tu: *Pole.* Rula aliingia ndani. Hakutazama upande wa dirisha. Aliketi mezani, akaipa sebule mgongo, akafungua kompyuta. Saa iligonga ukutani. Tik. Tik. Harufu ya mafuta ya mashine ilikuwa nzito, kama iko begani.

Akauona mji.

Pale palipokuwa na paa la buluu, kando ya barabara yake iliyonyooka, Dereva alikuwa ameshajenga. Nyumba nzuri yenye ghorofa. Akaibofya. Dereva, Mke Wangu, Mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa hajatimiza miezi miwili. Wiki iliyopita kundi zima lilimpongeza.

Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe cha kubomoa. Hapo hapo. Kubofya mara moja tu. Fundi angerudi kwake, na mama angeingia ndani. Na kitoto kile kingesimama barabarani. Hana makazi.

Nyuma yake kiti kilikwaruza sakafu. Mtu alikuwa amesogea aone vizuri.

"Siwezi," Rula alinong'ona, bila kujua anamwambia nani.

Akatafuta kiwanja kitupu. Mji ulikuwa wa watu wengi, na kila ardhi ilikuwa na mwenyewe. Ardhi tupu iliyokuwa yake ilikuwa moja. Ua wa kwao. Kati ya baraza na geti.

Alijenga. Ukuta. Paa la buluu. Mlango ulikataa kukaa mshazari. Mara mbili mkono wake wenyewe, kwa mazoea, uliunyoosha. Akaung'oa, akaupinda. Jasho lilimdondoka kwenye vitufe. Upumuaji wa mtu ulikuwa sikioni mwake, mkavu, wa pole, kama wa fundi aliyeinamia kazi ndogo. Akaugeuza mlango uipe njia kisogo. Akaweka benchi.

Hakuna kilichotokea.

Kupitia mlango aliouacha wazi aliona mama amesimama. Amejitwika furushi la kwanza.

Alirudi kwenye picha. Ukuta, sawa. Paa, sawa. Mlango, sawa. Benchi... benchi lilikuwa upande wa kushoto. Yeye alikuwa ameliweka kulia. Akalihamisha.

Kwenye skrini, mlango wa nyumba yake ulifunguka. Kimtu kikatoka. Kilitembea polepole hadi kwenye benchi, kikaketi.

Nyuma yake, saa ilinyamaza.

Hakugeuka. Alikaa vilevile mpaka aliposikia kandambili za mama yake zikiburuta barazani, na sauti ya kulalamika, sauti tamu kuliko zote.

"Nani kafunga nguo zangu kama nahama? Na wewe umerudi saa hizi, kazini wamekufukuza?"

Rula alimkumbatia, akalia. Mama alimpiga mgongoni, akamuuliza kama ni mwanaume. Akasema si mwanaume. Jioni hiyo kulikuwa na vikombe viwili mezani, na Rula alivihesabu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alhamisi asubuhi aliamka kabla ya mama yake, akachukua ndoo, akaenda bombani. Kulikuwa kumeshapambazuka, majirani walishafungua redio. Uani hapakuwa na kitu. Mchanga mtupu kutoka barazani hadi getini. Aliutazama mara kadhaa, akashukuru, akajaza ndoo pomoni, akarudi nayo. Ilikuwa inavuja kidogo chini.

Barazani aliitua. Akageuka.

Matone yalikuwa yameacha mstari mweusi mchangani. Yalitoka bombani vizuri, yakafika katikati ya ua, yakajikunja. Yalizunguka mahali patupu, ukubwa wa kijumba, kisha yakaendelea hadi miguuni pake. Hakumbuki kupinda. Yeye, ambaye hakuwahi kukata kona bila sababu.

Alitazama vizuri zaidi. Nyayo za jana za mama yake, kutoka getini: zilipinda hapohapo. Kuku wa jirani aliingia akidonoa, akaja moja kwa moja, akafika, akazunguka, akaendelea kudonoa. Na upande wa kushoto wa mahali pale, mchanga ulikuwa umedidimia kidogo, vishimo vinne, kama chini ya miguu ya benchi.

Ndoo moja ilikuwa haitoshi. Mama alikuwa na nguo za kufua. Rula aliiokota ndoo ya pili, akashuka uani. Alipokaribia, alipunguza mwendo, akaufuata ule mkunjo kwa hiari yake safari hii. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa mkubwa wake.

"Shikamoo," alisema.

Akaharakisha kwenda bombani, akafungulia maji kwa nguvu zote, ili asisikie kama ameitikiwa.