Mvua Moja Si Msimu

Kila mwaka mvua zilipokaribia, nyumbani kwa Silvana walikuwako watabiri wawili wa hali ya hewa, na wote wawili walikuwa wabovu.

Mumewe, Wilibrodi, alitabiri kwa simu. Asubuhi, hata uso hajanawa, alimpigia mdogo wake Oswaldi aliyeko Namanyere. Akisikia huko kumenyesha, alianza kutafuta jembe. Silvana alimwambia mpaka akachoka kwamba wao wako Msanzi, na kwamba mvua ya Namanyere haioteshi mahindi ya Msanzi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Silvana alitabiri kwa redio. Aliifungulia jikoni huku akisonga ugali wa ulezi. Ukitajwa mkoa wao wa Rukwa, kisha likatajwa neno mvua, aliizima ili kutunza betri. Alijiona ndiye mwenye akili katika nyumba hiyo.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Novemba, simu na redio vilikubaliana. Ikanyesha jioni moja. Kesho yake wakapanda mbegu zote za mahindi. Kisha jua likawaka siku kumi na sita. Miche ilichungulia, ikakauka. Walirudia kupanda kwa mahindi ya chakula yaliyobaki ghalani, tena kwa kuchelewa, na mavuno yakawa haba. Kufikia Septemba ghala lilikuwa tupu. Binti yao Angela na wadogo zake walikunywa uji mwepesi, wakaenda shule.

Mwaka huu waliuza mbuzi wao wa mwisho wakanunua mfuko mmoja wa mbegu. Mfuko huo ukipotea, hakuna mwingine. Silvana aliuweka chini ya kitanda.

Novemba ilipoanza, mambo yakawa yale yale. Redio ikataja Rukwa na mvua. Oswaldi akapiga simu kwamba Namanyere watu wanapanda. Msanzi nako kukanyesha jioni moja. Asubuhi Silvana alimkuta mumewe ameinama, anauvuta mfuko.

"Uache hapo," Silvana alisema. "Leo naenda kuwauliza hao watu wa utabiri kwa nini wanatudanganya."

Mtu wa utabiri aliyekuwa karibu ni Asnath, afisa ugani, anayewashauri wakulima wa kijiji. Nyuma ya nyumba yake aliweka kipima mvua, yaani chombo chenye alama za kupimia maji ya mvua. Asubuhi hiyo watu watatu walikuwa wamekwisha kumlalamikia. Silvana hakukaa hata kwenye kiti. Alisema mwaka jana redio ilitangaza mvua, wakapanda, wakala vumbi.

Asnath alishusha pumzi. "Jana ilisemaje, Mama Angela? Nitajie maneno yote."

Silvana alikumbuka mawili tu, Rukwa na mvua.

"Ilisema vipindi vifupi vya mvua katika maeneo machache," Asnath alisema. "Machache maana yake huyu anapata, yule anakosa. Rukwa ni kubwa. Kuna Namanyere, kuna Kasanga kule ziwani, kuna sisi huku juu. Halafu utabiri hauli kiapo. Unakwambia lipi lina uwezekano zaidi."

"Sasa huo utabiri una faida gani?" Silvana aliuliza. Uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Una faida ukiusikiliza mpaka mwisho, kisha ukaenda kuuuliza udongo."

Wakaenda shambani, Wilibrodi akifuata kwa shingo upande. Asnath alichimba kwa jembe. Juu palikuwa na unyevu wa upana wa kidole. Chini yake lilikuwa vumbi tupu.

Akawaeleza kwamba mvua moja si msimu. Udongo ulowe shubiri nzima kwenda chini. Uchukue wa huko chini, uufinye, ushikane. Na utabiri wa siku kumi useme mvua itaendelea. Yote hayo yawepo. Hata hapo, wapande sehemu ya mbegu na kubakiza nyingine, maana hali ya hewa hugeuka.

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu. Jirani yao Adriano alipanda shamba lote. Alipopita aliwauliza kama wanasubiri barua ya mwaliko. Wilibrodi alinuna hata kwenye chakula. Silvana naye aliogopa. Usiku alimlaumu Asnath moyoni, asubuhi akajilaumu mwenyewe. Lakini mfuko hakuutoa.

Jua likawaka siku kumi na moja. Miche ya Adriano ikakauka.

Mwisho wa Novemba ikanyesha siku tatu mfululizo. Silvana alisikiliza redio mpaka mtangazaji akaaga. Mvua ingeendelea, tena katika maeneo mengi. Wilibrodi alichimba bila kuambiwa. Akapima shubiri, akafinya tonge la udongo, likashikana.

"Ulikuwa sahihi, Mama Angela," alisema. Ilimchukua muda kuyatoa maneno hayo.

Walipanda, wakabakiza theluthi moja. Baada ya wiki mahindi yalisimama mistari mizima bila pengo. Silvana alitembea katikati yake akilia kwa furaha, wala hakujificha.

Siku hiyo Adriano alikuja, kofia mkononi. Hakuwa na mbegu hata punje. Silvana alimtazama kwa hasira. Aliwaza uji mwepesi waliokunywa watoto wake, kisha akawaza watoto wa Adriano. Akaingia ndani, akatoka na nusu ya mbegu walizobakiza.

"Kwanza nenda kachimbe," alimwambia. "Shubiri nzima. Ukiona vumbi, nirudishie mbegu zangu."

Adriano alichimba mbele yake. Udongo ulikuwa umelowa shubiri nzima. Akapanda. Mwezi wa sita nyumba zote mbili zilivuna.