Ndege Aliyegombana na Kioo

Fundi cherehani alikuwa na mimba ya miezi saba. Kila asubuhi alikaa dirishani akishona sare za shule. Dirisha lilikuwa jipya, la kioo kinachong'aa.

Siku moja akasikia ko! ko! ko! Ndege mdogo alikuwa akikigonga kioo kwa mdomo. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu pia.

"Huyo si ndege wa heri," mama mkwe alisema. "Analeta habari mbaya."

Fundi akakosa raha. Chakula hakipiti, usingizi hauji. Kliniki wakampima, presha imepanda. Mumewe, dereva wa lori, akachukua fimbo.

"Leo mimi na yeye!"

"Shemeji, hebu weka fimbo chini," jirani yao aliita kutoka uani. Mama huyo alikuwa daktari wa mifugo. Akawatoa wote nje. "Tazameni kioo. Mnaona nini?"

"Naona kitambi changu," dereva alijibu.

"Basi na yeye anajiona. Huu ni wakati wao wa kutaga. Dume akiona sura yake, anadhani dume mwingine amevamia kwake. Hana habari na nyinyi kabisa."

Mama mkwe akashika kiuno. "Kumbe ni wivu tu?"

"Wivu tu, mama."

"Sasa tufanyeje?" fundi aliuliza.

"Pakeni sabuni kioo kwa nje, asijione. Maji yake ya kunywa yawekeni kwenye sahani pana, kina cha kidole kimoja, mbali na dirisha na pale paka anapojificha. Myabadilishe kila siku, msije mkafuga mbu. Mkikuta kiota, msikiguse."

Dereva akapaka sabuni siku ile ile. Ndege akaja, akatazama, akaondoka. Baada ya siku mbili hakugonga tena. Fundi akalala, akala, na presha ikashuka.

Punde wakakiona kiota kwenye ua wa miti. Kilikuwa na makinda watatu. Baba na mama yao walichukua viwavi kwenye kabeji za fundi, wakawalisha tangu asubuhi hadi jioni. Mama mkwe akawa mlinzi, paka hakusogea.

Asubuhi ya kwenda kujifungua, makinda wawili walikuwa wamekwisharuka. Wa tatu alisita ukingoni mwa kiota. Fundi akasimama kumtazama.

"Twende, mwanangu," mama mkwe alisema, lakini naye hakuondoka.

Wakasubiri, wameshikana mikono, mpaka kinda akaruka.