Tini za Jiwe la Mpaka

Ndugu zangu wa Tamalut, na ninyi mlioolewa mbali mkaisikia habari hii nusunusu, ketini niwaeleze ilivyokuwa. Mimi Hedda nimepakana ukuta na nyumba ile tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Ukuta wetu ni wa udongo na hausitiri maneno.

Ilikuwa nyumba ya kuonewa wivu. Bassou na mdogo wake Lahsen walirithi shamba moja la mahindi chini ya miti ya jozi, na hawakuligawa. Bassou hakujaaliwa mtoto, basi Ijja, binti wa Lahsen na Fadma, alilelewa na baba wawili. Baba mkubwa akirudi safari, mtoto alikuwa haombi ruhusa. Alitumbukiza mkono ndani ya kofia ya joho lake iliyomning'inia mgongoni, maana humo ndimo zawadi zilimokaa: mara lozi, mara kipande cha sukari. Nikisikia kicheko upande wa pili wa ukuta, nilijua Bassou kafika.

Mwaka ule nguruwe mwitu walishuka kutoka msituni kabla mahindi hayajakomaa. Mnawajua wenyewe. Kwetu ni mnyama asiyeliwa wala kuguswa, basi huzaana atakavyo bila kuogopa sufuria ya mtu. Upande wa chini wa shamba lile waliulaza wote, na kilichobaki ndicho kilichokuwa chakula cha nyumba hadi masika.

Lahsen alitaka wauawe upesi. Bassou akamkumbusha kwamba sheria ina njia yake: kijiji kipeleke malalamiko kwa shekhe wa kabila, naye ayafikishe ofisi ya misitu. Mtu wa misitu aje aione hasara kwa macho yake. Kisha siku ya msako itangazwe sokoni, waje wawindaji wenye leseni, nasi tuwafukuze wanyama kwa mbwa na madebe. Sumu na mitego ya waya ni marufuku, hata kama shamba ni lako.

"Kaka, nguruwe hasomi sheria," Lahsen alimwambia.

"Ndiyo maana tunaisoma sisi," Bassou akajibu, akavaa joho lake akaenda mjini kufuatilia.

Ofisi nayo ilichelewa, siwezi kuitetea. Kila siku ikawa njoo kesho. Huku nyuma wachuuzi wa sokoni wakamfanyia Lahsen mzaha, kwamba nguruwe wake wamenona kuliko yeye. Lahsen ni mtu wa damu moto. Mzaha ule ulimwingia kuliko hasara yenyewe, na siku hiyo hiyo akarudi na sumu ndani ya karatasi isiyo na jina.

Sasa sikilizeni kosa lilipo. Kwenye pembe ya juu ya shamba, njia inaposhuka kutoka mlimani, kuna jiwe bapa la mpaka. Marehemu baba yao kila msimu aliweka tini juu yake, fungu la mpita njia. Nani hapa hajala kwenye jiwe la mwenzake? Kilichowekwa pale hakiulizwi. Unasema bismillahi, unakula. Tangu mzee afariki, jiwe lile lilikaa tupu.

Nguruwe walikuwa wakiingilia pale pale. Lahsen akazitia sumu tini kavu, na kwa kuwa ilikuwa zamu yao ya kumwagilia maji na ardhi yote ilikuwa tope, akazipanga juu ya jiwe. Alijiambia kwamba wanakijiji hupita njia ya chini, na kaka yake hatarudi kabla ya gari la soko. Alimwambia mkewe tu, akamkataza kusema. Ukuta wetu hausitiri maneno, lakini siku ile walinong'ona.

Kesho yake asubuhi nilikuwa juu ya paa naanika kokwa za jozi. Nikasikia mtoto anacheka, nikajua Bassou kafika. Kibali kilikuwa kimetoka mapema, naye hakungoja gari. Alikata mlima kwa miguu, na njaa yake, ili atuletee habari.

"Wamekubali, Jumapili ndiyo msako," nilimsikia akisema kwa furaha. "Na wewe Lahsen, nimeona ulichofanya pale kwenye jiwe. Baba angefurahi, wallahi. Nimekula, na nyingine nimemletea Ijja."

Nilisikia kofi, kisha kilio cha mtoto. Lahsen alikuwa amempiga Ijja mkono, tini ikamtoka, naye anamchokora kinywa kwa vidole. Mungu ni mkubwa, alikuwa hajaitafuna.

"Umekula ngapi, kaka?"

Bassou akauliza kwa upole, "Kwani umetia nini, mdogo wangu?"

Tulimpakia kwenye gari la muuza shayiri, Fadma akamshika kichwa. Alikata roho kabla ya kufika darajani. Maneno yake ya mwisho yalikuwa kwamba tini zilizobaki zichomwe, asije akapita mwingine.

Nilikwenda kuzichoma mwenyewe, nikilia. Kando ya jiwe alilala mbwa wa mchungaji, amekufa, na mbele kidogo mbweha. Nyayo za nguruwe zilikuwa wazi kwenye tope. Zilifika karibu na jiwe, zikalizunguka, zikaingia shambani. Hawakugusa hata tini moja.

Lahsen alichukuliwa na askari siku ya maziko, hakumtia kaka yake mchanga. Jumapili msako ukafanyika kama ulivyotangazwa. Kila mtu alijua mahali pa kutopita, na kabla ya adhuhuri nguruwe walikuwa wameuawa au kukimbilia ng'ambo ya bonde, asiumie mtu. Mahindi yaliyobaki tulimvunia Fadma sisi majirani. Yalitosha, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Joho la Bassou lingali limetundikwa mlangoni. Fadma amelifua mara nyingi, lakini Ijja akipita hapo huficha mikono yake nyuma.

MAFUNZO

Enyi wenye mashamba, msidhani sheria ya wanyama waharibifu imewekwa kumlinda nguruwe. Imewekwa kumlinda mpita njia. Msako hutangazwa ili watu wajihadhari, lakini sumu haimtangazii mtu wala haichagui kinywa. Ofisi ikichelewa, nendeni tena, nendeni wengi, mpige kelele mpaka wachoke nanyi. Na mkono wako usiweke kifo pale baba yako alipoweka sadaka, kwa maana atakayepita hapo kwanza, akiwa na njaa na moyo mweupe, huenda akawa ndugu yako.