Koti la Mwalimu wa Dini

Kila mtu kijijini petu, mkubwa kwa mdogo, aliijua kanuni ya siku ya zawadi: mtoto mmoja, zawadi moja, naye aje mwenyewe. Wamisionari, bwana na bibi, walikuwa wakipokea masanduku ya vitu vilivyotolewa na watu wa mbali, wakavigawa katika ukumbi wa kanisa. Kanuni hiyo ndiyo iliyokuwa ukuta baina ya ugawaji na unyang'anyi.

Asubuhi ile ilianza kwa utulivu. Watoto walikaa kwenye mabenchi wakiimba, wamepakwa mafuta hadi magotini. Mwishoni kabisa alikaa mjukuu wa muuza maji, miguu peku, macho hayabanduki kwenye jozi pekee ya viatu vyeusi iliyokuwa mezani. Shuleni alikuwa ameambiwa asirudi bila viatu. Nami, mzee wa kanisa, nilishika kengele.

Sasa niwaelezeni habari za fundi cherehani. Watu walimwita Njoo Kesho, kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila mteja. Duka lake lilipakana na ukumbi, naye alikuwa na mtoto mmoja tu, binti mchangamfu. Binti alipokea mpira wake, akakimbia dukani kumwonyesha baba.

"Vizuri, mwanangu. Sasa vaa gauni hili, urudi."

"Baba, mimi nimeshapata."

"Wewe umepata. Mwenye gauni hili hajapata."

"Na bibi akiniuliza mimi mtoto wa nani?"

"Mtaje mwenye nguo. Usiongeze neno."

Gauni lilikuwa la binti wa mwashi, na mwashi alikuwa akiambiwa tangu mvua za mwanzo kwamba kitambaa hakijakatwa. Binti akarudi ukumbini, akasema ni wa mwashi, akapewa vile viatu vyeusi. Akaja tena kwa kaptula na kofia ya mtoto wa seremala, akapewa tarumbeta. Bibi mmisionari alikuwa mgeni, na miwani yake ilikuwa ya kusomea tu. Mumewe alikuwa ameinamia sanduku, kichwa hakionekani, nasi wengine tulikuwa tukihangaika na mstari.

Ndugu zangu, mwenye haya angekoma hapo. Lakini tamaa haijui kushiba. Nguo za watoto zilikwisha dukani, likabaki koti jeusi la mwalimu wa dini, mtu mfupi, mwembamba kama uzi, mseja aliyekuwa afunge ndoa Jumamosi. Fundi alilitazama koti, akamtazama mwanawe, akaanza kukunja mikono ya koti.

"Baba, linaburura."

"Tembea upesi, hawataona."

Koti likaingia ukumbini kana kwamba linatembea lenyewe. Bibi akainama.

"Na wewe je, mtoto wa nani?"

Binti alikuwa mtiifu. "Wa mwalimu wa dini."

Wimbo ulikatika. Mwalimu wa dini, aliyekuwa akipanga mstari, aligeuka. Mchumba wake, aliyekuwa akimimina chai, aliweka birika chini taratibu, kama mtu anayeihitaji mikono yote miwili.

"Una mtoto?" akauliza.

"Sina! Naapa kwa..."

"Hakuna kuapa humu," nikamkumbusha.

"Basi litazameni koti! Ni langu! Jana fundi kaniambia halina mikono!"

"Koti ni lako, mtoto si wako," akasema mchumba. "Fikiri vizuri, bwana. Jumamosi haiko mbali."

Binti akaangua kilio. "Koti ni lake! Mimi ni wa Njoo Kesho!"

Watu walicheka hata bwana mmisionari akatoa kichwa sandukuni. Mimi sikucheka. Zamu ya mjukuu wa muuza maji ilikuwa imefika, na ndani ya sanduku mlibaki karatasi za kufungia tu. Mtoto alichungulia, akasema kwa adabu, "Asante, bibi," akageuka kuondoka. Kicheko kikafa.

Nikapiga kengele. Fundi alitolewa nyuma ya pazia la duka lake, viatu mkononi. Hata mwanawe havikumwenea.

"Shikamoo, mzee."

"Salamu baadaye. Lete cherehani hapa."

"Nitaileta kesho..."

"Leo!" ukumbi mzima ukamjibu.

Viatu alipewa mwenye kuvihitaji, na tarumbeta ikarudi sandukuni. Binti aliachiwa mpira, kwa maana huo ulikuwa haki yake. Baba yake akahukumiwa kumshonea mjukuu wa muuza maji sare ya shule bure, mbele ya macho yetu, kisha amalizie nguo zote alizowaficha wenyewe.

FUNZO

Enyi wazazi, sadaka haipungui kwa kuwafikia wengi; hupungua kwa kumrudia mmoja. Ukichukua zaidi ya chako, jua kuna mguu wa mtu uliobaki peku. Wala msimfanye mtoto kuwa mkono wenu wa kuibia, kwa kuwa mtoto mtiifu atayasema mliyomfundisha, tena mahali msipopataka.

Ama fundi, alishona hadi jua likatua. Kifungo cha mwisho kilipokazwa, mwalimu wa dini alilivaa koti lake pale pale, na mjukuu wa muuza maji akatoka mlangoni kwa sare mpya, viatu vyake vikilia sakafuni.